Angalia Mwaka Kwenye Jalada

Vinne, vinne, viwili. Yeyote aliyekaa nyuma ya meza ya zahanati Tanzania kabla ya Agosti 2001 hahitaji kuelezwa maana yake: vidonge vinne vya klorokwini leo, vinne kesho, viwili keshokutwa, na malaria ya mtu mzima imekwisha kutibiwa. Tuliandika hivyo kwenye madaftari ya wagonjwa huku macho yakiwa tayari kwa anayefuata. Kina mama waliokaa kwenye benchi waliijua dozi hiyo, watoto wa shule waliijua, na mwenye duka la dawa baridi, asiyewahi kuingia darasa la utabibu, aliijua pia na kukuonya bila kuulizwa kwamba ukiwashwa mwili mzima usiogope, ndiyo kawaida yake.

Mwezi huo wa Agosti klorokwini ikaondolewa. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, watoto walirudi na homa ileile muda mfupi baada ya kumaliza dozi, na Wizara ya Afya ikaamua SP ishike nafasi yake: vidonge vitatu, mara moja, basi. Wakati huo nilikuwa tabibu wa zahanati moja vijijini Singida, upande ambao tangu 2012 unaitwa Wilaya ya Ikungi. Mfukoni mwa koti langu nilikuwa na mwongozo wa matibabu wa Wizara pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu, toleo la 1997, kitabu nilichokitegemea kuliko kitu kingine chochote mle chumbani. Na kitabu hicho, kwenye ukurasa wa malaria, kiliendelea kusema klorokwini. Kilisema hivyo 2001, kikasema hivyo 2003, kikasema hivyo 2006, mpaka toleo lililofuata lilipotoka 2007, wakati ambapo SP nayo ilikuwa imeshapita na dawa mseto imeingia. Mabadiliko yote mawili yalitufikia kwa waraka na kwa semina. Kitabu chenyewe hakikuwa na namna ya kujua.

Kitabu cha mfukoni cha dawa huaminiwa kwa sababu kimechapwa, na maandishi yaliyochapwa hayaonyeshi uzee wake. Ukurasa wa 1997 na ukurasa wa 2021 huzungumza kwa sauti ileile ya amri: mpe mgonjwa miligramu kadhaa kwa kila kilo ya uzito. Dawa ina tarehe ya kuisha kwenye kopo, na kila mhudumu amefundishwa kuisoma kabla ya kufungua. Ushauri kuhusu dawa nao huisha muda, ila tarehe yake haikupigwa muhuri popote. Kuna mwaka wa toleo tu, kwa herufi ndogo, mahali ambapo karibu hakuna anayepatazama.

Vitabu hivi vina historia ndefu kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilikuwa na orodha yake ya dawa muhimu tangu 1970, miaka 7 kabla Shirika la Afya Duniani (WHO) halijatoa orodha yake ya kwanza ya dawa zipatazo 200. Hesabu yake haikuwa ngumu. Nchi yenye fedha kidogo na zahanati nyingi haiwezi kununua kila kinachouzwa duniani, kwa hiyo ichague dawa chache zinazotibu magonjwa ya wengi, izinunue kwa wingi, na iwafundishe watu wake kuzitumia. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, dawa zikaanza kufika zahanati zikiwa kwenye maboksi yaliyopangwa tayari, kila boksi na dawa zilezile kwa idadi ileile. Mwaka 1993 Bohari ya Dawa (MSD) ikaundwa kwa sheria, na baadaye vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kulingana na mahitaji. Boksi lilileta dawa. Kitabu kilieleza nani apewe ipi, kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani asipewe kabisa.

Chuoni mifuko yetu ilikuwa mizito. Mwenye ndugu Ulaya alikuwa na BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza ambacho tangu 1981 kimekuwa kikichapwa upya kila baada ya miezi 6. Yeye alikuwa na nakala ambayo huko ilikotoka ilikuwa imetupwa zamani, na sisi tuliiazima kwa zamu kana kwamba wino wake haujakauka. Mwingine alikuwa na Oxford Handbook of Clinical Medicine, iliyotoka kwa mara ya kwanza 1985, ikiwa imefungwa kwa plasta ya jeraha baada ya uti wake kukatika. Wengi wetu tulikuwa na madesa.

Asiyesoma vyuo vya Tanzania pengine hajakutana nayo. Ni mihtasari inayopita mkono hadi mkono, mwaka hadi mwaka, ikipigwa fotokopi mpaka herufi zinafifia. Faida zake hazina ubishi: maelezo ni mepesi, dozi zote ziko pamoja, na mtihani ni wiki ijayo. Lakini desa halina mwenyewe. Hujui aliyeliandika alisoma kitabu gani na lini, wala hujui lilipita mikono mingapi kabla ya kukufikia. Nukta ikifutika kwenye mashine ya fotokopi, 2.5 inakuwa 25, na hakuna atakayejua ilifutika mwaka gani.

Mwalimu wetu wa famakolojia alikuwa adui wa madesa, ingawa hakuwahi kutunyang'anya. Alikuwa na kijitabu cha WHO cha 1994, Guide to Good Prescribing, kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, na alitufundisha kwa utaratibu wake. Kwanza ujue tatizo la mgonjwa. Pili useme unataka dawa ifanye nini. Tatu uangalie kama dawa uliyoizoea kwa tatizo hilo inamfaa huyu aliye mbele yako, mjamzito, mzee, mwenye ini bovu. Nne uandike. Tano umweleze mgonjwa. Sita ufuatilie, na ujue lini utaisimamisha. Kijitabu hicho kinamtaka kila mwanafunzi atengeneze orodha yake mwenyewe ya dawa chache, akizichagua kwa kulinganisha nguvu, usalama, ufaafu kwa mgonjwa na bei. Sisi tulidhani ni zoezi la mtihani. Mwalimu akanunua madaftari madogo ya kuingia mfukoni, akatugawia, akatoa sharti moja lililotushangaza: kila ukurasa uandikwe tarehe juu yake, na kando ya kila dozi iandikwe imetoka kitabu gani.

"Mwalimu, tarehe ya nini? Dozi ni dozi," mmoja wetu akauliza.

"Siku utakayobishana na daftari lako mwenyewe," akajibu, "utataka kujua nani mkubwa."

Sharti hilo nilikwenda nalo Singida. Singida si mkoa wa malaria nyingi kama Kigoma au Geita. Ni nchi kavu ya kati, yenye upepo na mawe makubwa, mashamba ya alizeti na vitunguu, mtama na uwele, ng'ombe na kuku wa kienyeji wanaopelekwa hadi Dar es Salaam. Mtu akija na homa, malaria ni mojawapo tu ya mambo mengi yanayowezekana. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea nchini, majibu ya "hakuna" yalikuwa mengi, na mwongozo ukatakiwa kujibu swali ambalo kabla ya hapo halikuulizwa kwa sauti: kama homa hii si malaria, basi ni nini, na mgonjwa aondoke na nini? Kurasa ambazo zamani tulizipita haraka, za nimonia, za mkojo, za homa itokanayo na maziwa mabichi ya ng'ombe, zikaanza kuchakaa pembeni kwa kushikwashikwa.

Kufungua kitabu mbele ya mgonjwa kulikuwa na gharama yake. Mzee mmoja aliyeletwa na mjukuu wake alinikodolea macho nilipokitoa mfukoni, akamgeukia nesi na kusema jambo kwa Kinyaturu. Nesi akacheka kwanza kabla ya kunitafsiria.

"Babu anauliza, huyu mtoto bado yuko shule?"

Nikamwomba amwambie ndiyo, bado nipo. Mzee akatafakari kidogo, akauliza tena kupitia kwa nesi: "Na hiyo shule inasemaje kuhusu tumbo langu?"

Tangu siku hiyo nilisoma kwa sauti. Nilisoma kwa Kiswahili chepesi, nikigeuza palepale yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na nesi akayapeleka kwa Kinyaturu kwa wazee waliohitaji. Niliona jambo moja: mgonjwa anayesikia dozi ikisomwa huuliza maswali ambayo mgonjwa anayekabidhiwa karatasi haulizi. Anauliza kama atumie na dawa za mitishamba alizonazo. Anasema yeye huvimba akichomwa sindano fulani. Mambo hayo ni hatua ya tatu ya yule mwalimu wangu, na yalikuwa yakiletwa mezani na mgonjwa mwenyewe.

Kusoma kwa sauti kulitufaa zaidi usiku mmoja wa masika nilipokuwa nimehamishiwa kituo cha afya. Mwanamke wa mimba ya kwanza aliletwa kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili waliomshikilia. Alikuwa amepata degedege njiani, na ndugu zake walikuwa wakibishana kama ni mashetani au kifafa. Miguu ilikuwa imevimba na presha iko juu. Kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na hesabu yake haitaki mtu mwenye usingizi. Ampuli moja ina mililita 10 za dawa ya asilimia 50, yaani gramu 5. Kwenye mshipa zinahitajika gramu 4, zilizopunguzwa ukali hadi asilimia 20: unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, unazipitisha polepole. Kisha gramu 5 kwenye kila tako. Jumla gramu 14. Kabla ya dozi inayofuata baada ya saa 4, unagonga goti uone kama linaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unaangalia mkojo. Na kalsiamu glukoneti, gramu 1, inakaa kwenye trei tangu mwanzo, kwa ajili ya kumwokoa mgonjwa ikiwa dawa yenyewe itamzidi.

Mkunga niliyekuwa naye alikuwa amefanya kazi leba miaka mingi kuliko mimi, na hesabu hiyo aliijua kichwani. Hata hivyo alichukua mwongozo kutoka kwenye kabati, akanipa.

"Dokta, wewe soma, mimi navuta."

Nikasoma mstari, akaurudia, akavuta, akainua bomba la sindano kwenye mwanga wa tochi nikaona alama, tukaenda mstari unaofuata. Hatukuruka hata mmoja. Degedege halikurudi, na gari lilipopatikana mama yule alipelekwa hospitali akiwa anajibu akiitwa jina lake. Alijifungua huko salama. Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu kubwa tangu wakati huo, na bado naona alichofanya mkunga yule ndiyo matumizi bora kabisa ya kitabu cha mfukoni niliyowahi kuyaona. Hakukichukua kwa sababu hajui. Alikichukua kwa sababu alijua namna saa nane ya usiku inavyoweza kuchanganya 8 na 12 katika kichwa cha mtu yeyote, mwenye uzoefu na asiye nao. Na kabla hajanipa, alitazama jalada.

Kuna mambo ambayo hata toleo jipya kabisa haliwezi kukuambia. Dawa mseto ya malaria ilipotufikia, baada ya nchi kuacha SP mwishoni mwa 2006, pakiti zake zilikuwa zimepangwa kwa uzito wa mgonjwa: njano kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja kila mara, kijani kwa mwenye kilo 35 na zaidi, vidonge vinne kila mara, mara mbili kwa siku, siku tatu. Mwongozo ukaongeza kwamba imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vizuri lumefantrini iliyomo ndani yake. Mwandikie hivyo mama wa kijijini kwetu, umepoteza wino. Jioni kwake kuna ugali wa uwele na mlenda. Nesi wangu ndiye aliyeyageuza maneno hayo yakawa kitu cha kufanyika: maziwa kama yapo, kama hayapo, mlenda utiwe karanga, kama hata karanga zimekwisha, kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye uji. Dozi ya pili, ambayo kitabu kinasema iwe baada ya saa 8, yeye aliieleza kwa kazi za nyumbani: ukimpa ya kwanza adhuhuri, mpe ya pili mkienda kulala. Yote hayo niliyaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa, na tarehe juu yake.

Mgeni mmoja, daktari wa kujitolea kutoka Marekani, alituachia kitabu chake kidogo alipoondoka. Kilikuwa kipya, mwaka wake hauna lawama, kimepangwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Lakini parasetamo ndani yake iliitwa acetaminophen, salbutamo iliitwa albuterol, pethidini iliitwa meperidine, na kurasa nyingi zilihusu dawa ambazo stoo yetu haikuwahi kuzipokea. Kijana aliyekuwa akijifunza kwangu alikipenda sana, akakitumia wiki nzima, kisha akakirudisha kabatini mwenyewe. Kitabu kinaweza kuwa cha mwaka huu na bado kikawa kimeandikwa kwa ajili ya stoo nyingine.

Hapo ndipo ule mwongozo wetu, pamoja na karatasi yake hafifu, unapowashinda wageni wote. Kando ya kila dawa katika orodha ya taifa kuna herufi. A ni zahanati. B ni kituo cha afya. C ni hospitali ya wilaya, D ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni hospitali za kibingwa. Mwanafunzi anayetoka chuo kikuu huziona herufi hizo kama vyeo, na wapo wanaoona aibu kuandika dawa ya A. Mmoja aliyekuja kwetu fildi alimpokea bibi aliyeleta mjukuu mwenye kikohozi na pumzi za haraka, asiye na dalili ya hatari. Mwanafunzi akaandika azithromycin ya maji, ile ambayo watu huiita azuma. Bibi akaitazama karatasi.

"Mwanangu, hii mnayo hapa, au nikauze kuku kwanza?"

Mwanafunzi akasema aende mjini, maduka makubwa ya dawa wanayo. Nikamwambia bibi akae kidogo. Nikamwomba mwanafunzi afungue ukurasa wa nimonia ya mtoto na kunisomea mstari wa kwanza. Amoksilini. Na pembeni yake? A. Ilikuwa kwenye kabati nyuma ya mgongo wake, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na kwa kuwa mtoto alikuwa chini ya miaka 5 haikuwa na malipo. Tukampima kwenye mizani ya kuning'iniza, tukahesabu dozi, bibi akapewa ya kwanza palepale amnyweshe tukimwona, akaelezwa dalili za kumrudisha mtoto haraka.

Baadaye, tukinywa chai, mwanafunzi alisema: "Lakini Dokta, ile niliyoandika nayo inaua bakteria."

Nilimjibu kwamba inaua kweli, na ndiyo sababu itunzwe. Mwaka 2017 WHO iligawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza, azithromycin iko la pili. Mwenye kuandika azuma kwa kila kikohozi anaivunja nguvu kabla haijahitajika. Na herufi A haisemi kwamba dawa ni duni. Inasema kwamba taifa limekubali iwepo karibu kabisa na nyumba ya mgonjwa, ili bibi asiuze majogoo wawili na kupanda basi kwenda Singida mjini kutafuta kitu kisichokizidi kile kilichokuwa kabatini. Herufi inasema pia upande wa pili: dawa ikiwa na C, na wewe uko zahanati, basi unachotakiwa kuandika ni rufaa. Kwa upande wetu rufaa zilielekea mjini au Makiungu, hospitali ambayo masista wa Medical Missionaries of Mary waliianza 1954. Tabibu anayesoma herufi vizuri huita gari mapema.

Siku hizi mwongozo uko kwenye simu. Ni jambo jema, nami ni wa kwanza kulisifu. Toleo la 2017 nililisubiri kama karatasi. La 2021 lilinifikia kama faili, bila kusubiri gari la wilaya. WHO ina kitabu cha antibiotiki cha 2022 kinachopatikana bure, Médecins Sans Frontières wana miongozo yao ambayo ukishaipakua unaisoma hata pasipo mtandao, na mwanafunzi wa leo ana mfukoni mwake maktaba ambayo chuo chetu kizima hakikuwa nayo. Tatizo ni kwamba faili nzima ni nzito, na kifurushi cha intaneti ni cha kuhesabu. Kwa hiyo watu hawatumiani vitabu, wanatumiana picha. Kwenye kundi la WhatsApp la matabibu mtu anauliza saa tano usiku dozi ya gentamaisini ya mtoto mchanga, na ndani ya dakika moja anapata picha ya ukurasa, iliyopigwa kwa haraka, kidole cha mpigaji kikionekana pembeni. Ukurasa ni halali, umechapwa, una jedwali. Jalada halipo. Picha hiyo inahifadhiwa, inatumwa kwa mwingine, inatumwa mkoa mwingine, na baada ya muda hakuna anayeweza kusema ni ya toleo la 2007, la 2013, au la nchi nyingine kabisa. Tumelirudisha desa, safari hii kwa rangi.

Katika kundi letu tulikubaliana kanuni ndogo: anayetuma picha ya ukurasa atume na picha ya jalada. Mwanzoni vijana waliona ni ubishi wa wazee. Kisha ikatokea mara mbili tatu kwamba picha mbili zikapingana, jalada likaamua, na ubishi ukaisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Mwalimu wangu wa famakolojia angefurahi kuona swali la nani mkubwa likijibiwa na mwaka, si na cheo cha mtumaji.

Wanafunzi wanaokuja kwangu fildi huwa wananiuliza wanunue kitabu gani. Nawaambia waanze na kile cha bure, mwongozo wa taifa, kwa sababu ndicho pekee kinachojua kabati lao litakuwa na nini. Wawe na kijitabu cha watoto, kwa sababu mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, na dozi yake huanzia kwenye mizani. Wawe na daftari dogo la mkono wao, lenye tarehe. Na wasione haya kufungua chochote kati ya hivyo mbele ya mgonjwa, ilimradi wasome kwa sauti na wamwache aulize.

Kwa wakubwa wa wilaya na mkoa nina ombi moja. Dawa iliyokwisha muda ina utaratibu wake: inahesabiwa, inatengwa, inaandikwa, inasubiri kuteketezwa kwa kufuata sheria, na anayeiacha kwenye kabati la kutolea dawa huulizwa. Mwongozo uliokwisha muda hauna utaratibu wowote. Unabaki mezani pamoja na mpya, na kwa kuwa umezoeleka na unafunguka wenyewe kwenye kurasa zinazotafutwa sana, ndio unaoshikwa kwanza. Basi mwongozo nao uingizwe kwenye leja ya stoo: jina, toleo, idadi ya nakala, tarehe ya kupokelewa. Toleo jipya likifika, maandishi ya pembeni yahamishwe kwa mkono, kwa sababu dozi hubadilika lakini mlenda na karanga ni vilevile. Kisha la zamani lipigwe muhuri wa kuisha, litolewe chumbani siku hiyohiyo, na mkaguzi akija aulize liko wapi, kama anavyouliza kuhusu dawa. Bajeti mpya haihitajiki; unahitajika mstari mmoja kwenye leja, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuujaza.